Sensa ya mtetemo kwenye bomba la kiwanda: kuchagua, kufunga na kuhakiki

Ndani ya sensa ya mtetemo kuna kipande cha chuma kinachotetemeshwa kwa umeme, na kitu pekee kinachopimwa ni mtetemo wa chuma hicho. Kimiminika kizito husogea pamoja na chuma na kukiongezea mzigo, hivyo kila mtetemo unachukua muda mrefu zaidi. Hapo ndipo inapopatikana densiti, yaani kilo za kimiminika katika mita moja ya ujazo (kg/m³). Kimiminika chenye mnato hukaba mtetemo na kula nguvu yake. Hapo unapatikana mnato, yaani ugumu wa kimiminika kutiririka. Tatizo ni kwamba povu, ukoko, ukuta wa bomba ulio karibu na joto navyo vinaugusa mtetemo huohuo, na sensa haiwezi kutofautisha. Karibu kila hatua iliyomo humu inalenga jambo moja: kinachogusa chuma kiwe kimiminika chako peke yake, iwe ni shira ya soda, rangi, mafuta ya injini au dizeli inayoshushwa Kurasini, Dar es Salaam.

Anza na hesabu, katalogi baadaye

Aina kuu kwenye mabomba ni mbili. Ya kwanza ni uma wenye meno mawili unaozamishwa kwenye bomba au tangi. Ya pili ni bomba linalotetemeka lenyewe huku kimiminika kikipita ndani yake, ama lililopinda kama herufi U, ama mita ya Coriolis ambayo hupima pia uzito wa mtiririko. Swichi ndogo ya uma inayosema tangi limejaa au halijajaa ni ndugu yao, ila haikupi densiti. Usinunue hiyo ukitarajia Brix (asilimia ya sukari kwa uzito).

Uma wa kawaida wa viwandani huwa na usahihi wa karibu ±1 kg/m³. Kama unatosha au hautoshi, kokotoa mwenyewe kwa bidhaa yako:

Shira nzito. Kwa nyuzi joto 20, Brix 60 ni karibu 1,286.5 kg/m³ na Brix 65 ni karibu 1,316. Yaani Brix moja ni kama kilo 6, na kosa la kilo 1 ni chini kidogo ya Brix 0.2. Uma unafaa.

Soda iliyokwisha kuchanganywa. Kwenye Brix 10 hadi 12, Brix moja ni kilo 4 tu. Kosa la kilo 1 linakuwa Brix 0.25, na hakuna mkuu wa ubora atakayekubali. Hapa nunua bomba linalotetemeka lenye usahihi wa karibu ±0.1 kg/m³, au acha kabisa.

Kostiki soda ya kuoshea mitambo. Maji ya nyuzi 20 ni 998.2, kostiki ya asilimia 2 ni karibu 1,021. Asilimia moja ni kama kilo 11, kwa hiyo uma ungefanya kazi vizuri sana. Hata hivyo sensa ya kupima jinsi umeme unavyopita kwenye maji hufanya kazi hiyo kwa bei ndogo zaidi. Usiweke uma mahali ambapo kifaa cha bei nafuu kinatosha.

Mpaka kati ya petroli na dizeli kwenye bomba moja. Petroli huwa kati ya 720 na 775, dizeli huanzia karibu 820. Pengo ni kubwa mno hata uma usio mkali sana utauona mpaka. Unachohitaji hapo ni wepesi wa kujibu.

Kisha hesabu joto. Dizeli hupungua karibu kilo 0.7 kwa kila nyuzi joto moja inayopanda. Bomba lililolala juani mchana wa Januari bila mtiririko linaweza kupanda nyuzi kumi juu ya tangi, na hizo ni kilo 7, mara saba ya kosa la sensa yenyewe. Sensa lazima iwe na kipimajoto chake ndani, kwa kawaida Pt100 (waya wa platini ambao ukinzani wake hupanda na joto), na mfumo wako lazima uamue namba itaonyeshwa kwa joto lipi: la wakati huo, au lililorejeshwa kwenye nyuzi 20 (kwa mafuta, mara nyingi 15 au 20). Andika uamuzi huo kwenye paneli. Ugomvi mwingi kati ya maabara na chumba cha udhibiti huanza hapa: kila upande unasoma sawasawa, ila kwa joto tofauti.

Kuchagua mahali

Hatua hii ndiyo inayoamua, na ndiyo inayofanywa kwa haraka kuliko zote, kwa kuwa tundu la zamani la kipimajoto lipo na hakuna anayetaka kukata bomba.

Mahali bora ni bomba la wima linalopandisha kimiminika. Linajaa siku zote, na hewa inapita bila kukaa. Bomba la kuteremka lisitumike, maana huwa halijai. Kwenye bomba la kulala, ingiza uma kutoka ubavuni, kamwe usiuingize kutoka juu: juu ndipo hewa inapokusanyika, na chini ndipo uchafu unapotulia. Ukishauingiza ubavuni, zungusha mpaka ufa kati ya meno usimame wima. Hapo mapovu yanapanda na kutoka, chembe zinaanguka na kutoka. Ufa ukilala, jino la chini linakuwa rafu ya kuwekea tope. Watengenezaji wengi wameweka alama kwenye flenji au kwenye kichwa inayoonyesha ufa umeelekea wapi. Itafute kabla ya kukaza boliti.

Funga baada ya pampu, usifunge kabla yake. Upande wa kunyonya una shinikizo dogo, na gesi iliyoyeyuka hujitokeza kama mapovu papo hapo. Ila usisogee karibu mno na mdomo wa pampu. Mota ya 50 Hz yenye mizunguko 1,450 kwa dakika inatikisa bomba mara 24 kwa sekunde. Pampu yenye mapanga sita inaongeza mpigo wa 145 kwa sekunde. Uma mwingi hutetemeka kwa mamia ya hezi, kwa hiyo mipigo hiyo ya msingi haigongani nao. Mipigo ya juu yake hugongana, hasa pampu ikiendeshwa kwa VFD, kifaa kinachobadilisha kasi ya mota. Ukiona namba inatulia kwenye kasi zote isipokuwa moja, umeshapata jibu: tia kishikizo kwenye bomba, au ruka kasi hiyo kwenye mipangilio ya VFD.

Ukuta wa bomba una athari. Kimiminika kilichobanwa kati ya jino na ukuta hakisogei kama kile kilicho huru, na uma unasoma densiti kubwa kuliko halisi. Kwa hiyo uma huagizwa ukiwa umefanyiwa ugezi (kalibresheni) kwa kipenyo fulani cha bomba. Ukiagiza wa inchi 4 kisha ukaufunga kwenye tii (kiungo cha bomba chenye umbo la T) ya inchi 3, utakuwa na kosa la kudumu ambalo hakuna kusafisha kutakakoliondoa. Pima kipenyo cha ndani kwa kaliper. Usitegemee mchoro wa mwaka ambao kiwanda kilijengwa.

Mwendo wa kimiminika nao uangaliwe. Kuna uma ambazo mtengenezaji anataka kati ya 0.3 na 0.5 m/s pale penye meno: chini ya hapo kimiminika hakibadiliki haraka na ukoko unakaa, juu ya hapo msukumo unaupotosha mtetemo. Kama bomba lako lina mwendo mkubwa, uma uingie kwenye tii, meno yakiwa yamejificha kidogo pembeni mwa mkondo, au uufunge kwenye baipasi, yaani bomba dogo la pembeni. Baipasi ina faida nyingine kubwa: valvu mbili na sehemu ya kumwagia, na unaweza kuutoa uma bila kusimamisha laini.

Kufunga

Kuchomelea kwote kufanyike sensa ikiwa bado ndani ya boksi. Klampu ya ethi ya mashine ya kuchomelea iwekwe karibu kabisa na mshono. Ikiwekwa mbali, mkondo utatafuta njia, na mara nyingi njia hiyo hupitia kwenye kichwa cha kielektroniki. Kwa bomba la chuma kisichoshika kutu la chakula, tumia TIG na usafishe mshono kwa ndani. Mshono wenye nundu karibu na meno ni ukuta mwingine.

Kibomba cha kuingizia kikiwa kirefu kuliko shingo ya uma, meno yatabaki ndani ya mfuko wa kimiminika kilichotuama. Yanapaswa kutokeza kwenye mkondo, au kukaa pale hasa mtengenezaji alipochora.

Gasketi isichomoze ndani. Usishike uma kwa meno, usiusimamishe kwa meno, na usiyafute kwa waya wa kusugulia. Meno yaliyopakwa PTFE ukiyakwaruza mara moja, kimiminika kitaingia chini ya mpako na sensa haitarudi hali yake.

Umeme: hesabu ya mzunguko

Tuseme sensa ya waya mbili, inayotuma kipimo chake kama mkondo wa 4 hadi 20 mA, inahitaji angalau volti 12 na chanzo ni volti 24 DC. Mkondo wa juu wa kuashiria hitilafu uwe 22.5 mA. Volti 12 zinazobaki ukizigawa kwa 0.0225 unapata omu 533 za mzunguko mzima. Ukitumia mawasiliano ya HART (data ya kidijitali juu ya waya hizohizo) unahitaji angalau omu 250, zinabaki 283. Kebo ya 1.5 mm² ina karibu omu 12 kwa kilomita kwa waya mmoja, hivyo mita 200 kwenda na kurudi ni chini ya omu 5. Kebo siyo tatizo. Tatizo huwa ni kifaa cha tatu ambacho mtu alikiongeza kwenye mzunguko bila kumwambia yeyote.

Shildi ya kebo ifungwe ethi upande mmoja tu, kwa kawaida kwenye paneli. Isitembee kwenye trei moja na kebo za VFD. Ziachane angalau sentimita 30, na zikikutana zikatizane kwa pembe ya mraba. Umeme wa TANESCO ukikatika na jenereta kuchukua, sensa inawaka upya na inahitaji muda wa kutulia, kwa hiyo weka chanzo cha volti 24 kwenye UPS na uizuie PLC (kompyuta inayoendesha mitambo) isiamini namba mpaka joto na densiti zitulie.

Glandi (mdomo wa kuingizia kebo) ielekee chini, na kebo ining'inie kidogo chini ya glandi kabla ya kuingia ili maji ya masika yadondoke hapo. Kwa mitambo ya Kigamboni na Kurasini, iliyo karibu na chumvi ya bahari, kagua raba za kifuniko kila unapokifungua. Kichwa cha IP67 (kisichopitisha maji) chenye raba iliyokauka ni kichwa kilicho wazi.

Penye petroli au viyeyushi vya rangi, sensa, kizuizi cha mzunguko na kebo vyote viwe vya daraja linaloruhusiwa kwenye eneo lenye mvuke unaolipuka. Kibali cha kazi kwanza, kipima gesi pili, bisibisi baadaye.

Sasa kipimo cha 4–20 mA. Kwa shira weka 4 mA iwe 1,250 na 20 mA iwe 1,330. Brix 60 ya nyuzi 20 itatoa 4 + 16 × (36.5 ÷ 80) = 11.3 mA. Toa 11.3 mA kwa kifaa cha kupima mzunguko, soma kwenye skrini ya opereta. Ikitoka 1,286 au 1,287, mipaka inalingana pande zote mbili. Ikitoka namba nyingine, mtu ameweka mipaka tofauti kwenye PLC. Hilo hutokea mara nyingi kuliko kuharibika kwa sensa. Chini ya 3.6 mA au juu ya 21 mA isomwe kama hitilafu. Kamwe isigeuzwe kuwa Brix.

Hakiki hewani, kisha kwenye maji

Kipimo cha bei rahisi na cha kuaminika kuliko vyote ni hewa. Cheti cha sensa kinaandika muda wa mtetemo mmoja ikiwa hewani. Safisha meno, yakaushe, acha joto litulie, soma muda huo na ulinganishe. Dar iko usawa wa bahari na hewa yake ina karibu 1.2 kg/m³, hivyo hakuna marekebisho ya mwinuko ya kuhangaikia.

Muda ukiwa mrefu kuliko wa cheti, kuna uzito umeongezeka: ukoko, rangi iliyokauka, uzi wa gasketi. Sensa itasoma densiti kubwa. Muda ukiwa mfupi, chuma kimeliwa na kutu au mchanga, na sensa itasoma ndogo. Ukoko unasafishwa, chuma kilicholiwa hakirudi.

Maji yafuate. Tumia maji yaliyosafishwa ya maabara, yaliyochemshwa na kupozwa ili hewa itoke. Maji ya kisima usiyatumie, kwani visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi na utalaumu sensa bure. Linganisha na namba hizi:

nyuzi 25: 997.0
nyuzi 28: 996.2
nyuzi 30: 995.7
nyuzi 32: 995.0

Angalizo moja: uma uliofanyiwa ugezi kwa bomba la inchi 3 ukiuzamisha kwenye ndoo pana utasoma pungufu, na si kosa lake. Tengeneza kipande cha bomba la kipenyo kilekile, kizibwe upande mmoja, kiwe chombo chako cha kuhakikia. Na Pt100 ihakikiwe hapo hapo: kwa nyuzi 30 inapaswa kuwa karibu omu 111.7.

Kama kipimo kinatumika kuuzia, mambo hayaishii kwako. Wakala wa Vipimo anahusika. Kwa kipimajoto na vipimo vya rejea vya maabara, maabara ya ugezi ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) pale Ubungo ndiyo njia ya kawaida.

Kulinganisha na maabara

Chukua sampuli si chini ya tano, kwenye zamu tofauti, kutoka valvu iliyo karibu na sensa. Acha valvu imwage kwanza. Mwambie opereta aandike namba ya skrini, joto na saa wakati chupa inajaa, siyo baada ya kurudi kutoka maabara. Shira ya moto ifunikwe. Ikiachwa wazi kwenye bika, maji yanaondoka na Brix inapanda yenyewe.

Tofauti ikiwa ileile kwenye sampuli zote, rekebisha kwa kuongeza au kupunguza namba moja. Ikibadilika kufuatana na joto, tafuta kwenye Pt100 au kwenye jedwali la kurejesha joto. Ikikua siku baada ya siku na kupotea baada ya kuosha, ni ukoko. Ikirukaruka, ni hewa: asilimia moja ya mapovu kwenye maji inashusha densiti kwa karibu kilo 10, na hakuna mpangilio wa kulainisha namba utakaoifanya hiyo iwe kweli. Kaza mpira wa pampu unaonyonya hewa, au inua kiwango cha tangi mpaka bomba la kurudishia limwage chini ya uso wa kimiminika.

Marekebisho yasifanywe kwa sampuli moja. Mtu akirekebisha kila asubuhi, baada ya mwezi hakuna anayejua sensa inasoma nini.

Mnato

Sensa hupima jinsi mtetemo ulivyokabwa kwa kutazama upana wa mwitikio wake. Uma wa 800 Hz ambao nguvu yake inashuka nusu kwenye 799 na 801 una thamani ya Q (kadiri mtetemo usivyokabwa) ya 800 ÷ 2 = 400; upana ukifika 8 Hz, thamani imeshuka hadi 100 na mnato umepanda sana.

Kosa la kwanza ni la vipimo viwili tofauti. Pipa la mafuta ya daraja la mnato ISO VG 46 linasema 46 mm²/s kwa nyuzi 40, yaani mnato uliogawanywa kwa densiti. Sensa mara nyingi inatoa mPa·s, mnato ambao haujagawanywa. Zidisha 46 kwa densiti, tuseme 0.865 (yaani 865 kg/m³), utapata karibu 39.8 mPa·s. Fundi akiona 39.8 badala ya 46 na kuongeza mafuta mazito, kundi zima limeharibika huku sensa ikiwa sahihi.

La pili ni joto tena. Mafuta ya aina hiyo, karibu na nyuzi 40, hupoteza takriban asilimia 4 ya mnato kwa kila nyuzi inayopanda. Kipimajoto kinachokosea nyuzi mbili kinakupa kosa la asilimia 8. Ukichanganya vilainishi kwa nyuzi 55, sensa inahitaji jedwali la mafuta hayohayo ili kurudisha namba kwenye 40, na kila daraja lina jedwali lake.

Rangi ni habari nyingine. Mnato wake hupungua kadiri inavyokorogwa kwa nguvu, na meno ya uma yanaikoroga kwa kasi kubwa kuliko kikombe cha Ford namba 4, kikombe chenye tundu ambacho huhesabiwa sekunde kinapomwagika. Namba ya uma na sekunde za kikombe hazitalingana, wala hazipaswi kulingana. Chora grafu ya makundi kumi au zaidi ya rangi ya aina moja, uma upande mmoja na kikombe upande wa pili, kisha tumia uma kujua kundi limefika pale linapofika kila siku. Grafu ya rangi ya mafuta isitumike kwa rangi ya maji.

Kusafisha, na siku ya kubadilisha kichwa

Mafuta na sabuni huondoka kwa kostiki ya moto, magamba ya chokaa kwa asidi nyepesi inayoruhusiwa na chuma cha sensa. Rangi isafishwe kwa kiyeyushi chake kabla haijakauka. Kabla ya kufungua, funga valvu, zitie kufuli, mwaga, subiri shinikizo liwe sifuri. Kostiki ya nyuzi 80 haisubiri uvae miwani. Baada ya kila usafi andika muda wa mtetemo hewani kwenye daftari la sensa. Mstari wa namba hizo ukianza kushuka, agiza sensa nyingine mapema, maana ya kuagizwa nje haifiki kwa wiki.

Kichwa cha kielektroniki kikiungua, usihamishe kichwa kipya na kuwasha tu. Densiti inatoka kwenye hesabu ya K0 + K1·τ + K2·τ², ambapo τ ni muda wa mtetemo mmoja, na K tatu hizo ni za meno yale, si za kichwa. Zimeandikwa kwenye cheti na mara nyingi kwenye bamba la shingo. Ziingize kwenye kichwa kipya pamoja na za joto, zisome upya moja moja ukiwa na mtu wa pili anayekusikiliza, kisha rudia hewa na maji kabla ya kufungua valvu. Kichwa kilichotolewa kwenye sensa nyingine kina K za sensa hiyo, na kitatoa namba tulivu kabisa isiyo ya kweli.